Wiki ya Ishirini na Tatu

Amahoro, ndugu zangu. Asanteni kwa kunipa nafasi. Wale wa zamani mnajua sehemu ya haya nitakayosema, kwa sababu mlikuwepo siku nilipoyasema mara ya kwanza, kwa maneno machache. Leo mwenyekiti ameniomba niyaseme yote toka mwanzo, kwa ajili ya wageni waliojiunga mwaka huu. Sitataja jina la mtu. Jina moja tu lingestahili kutajwa kwa ubaya, nalo ni langu, na hilo mnalijua.

Mi nilikuwa sekretere katika ofisi moja ya serikali kule Kigobe, mpaka nilipostaafu, nikaingia retreti. Kazi yangu ilikuwa karatasi. Barua ikiingia, naisoma mimi kwanza. Barua ikitoka, naisoma mimi mwisho. Mkubwa wangu alikuwa akiwaambia watu, kama mama huyu ameisoma, wewe weka sahihi tu. Nawaambia, sifa ya namna hiyo ukiisikia miaka na miaka inakuingia kwenye mifupa. Unaanza kuamini kwamba jicho lako halikosei. Hata hapa kwenye chama mlinichagua kuwa katibu kwa sababu hiyo hiyo.

Mume wangu, mzee wangu, alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja mgeni. Yule bwana alipofunga biashara na kurudi kwao, alimwachia mzee wangu zawadi ambayo sisi hatukuwa tumewahi kuisikia. Alimwachia wiki. Kuna nyumba za mapumziko kule ufukoni mwa ziwa, kwenye barabara ya Rumonge. Nyumba zile hununui nyumba nzima, unanunua wiki yako katika mwaka. Nyumba moja inaweza kuwa na wenyewe hamsini, na kila mmoja ana siku zake saba. Wiki yetu ilikuwa ya thelathini na mbili, mwanzoni mwa mwezi wa nane. Kwa siku saba vitanda ni vyako, sufuria ni zako, baraza ni yako. Siku ya nane asubuhi unarudisha ufunguo na mwingine anaingia. Tulikwenda miaka kadhaa na watoto, tukala samaki wa mukeke mpaka tukachoka.

Sasa, mwenzetu mmoja hapa chamani, mwanamke kijana, mama wa watoto wawili, alikuwa na ofisi ndogo katikati ya mji. Alikuwa wakala wa kampuni ya kubadilishana wiki. Siku moja alinieleza. Akasema, "Mama, si lazima kila mwaka muende pale pale. Unaiweka wiki yako kwetu. Mutu mwingine anakuja kulala kwenu ziwani, na wewe unakwenda kulala kwenye nyumba ya wengine, mbali. Mombasa, Mwanza, popote penye nafasi."

Wakati ananieleza hivyo, mimi sikuwa nafikiria Mombasa. Nilikuwa nafikiria mama yangu na dada yangu.

Dada yangu mkubwa aliolewa na fundi mmoja wa Buyenzi, Mwislamu. Mama yetu ni Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni. Mnisamehe Waislamu mliopo hapa, nasema jinsi ilivyokuwa. Mama alikataa ile ndoa. Dada akaolewa hivyo hivyo. Siku anaondoka, mama alimwambia, "Ndani ya nyumba ya mume wako sitaingia, mpaka naingia kaburini." Na dada akajibu, "Na mimi Burundi sirudi, mpaka uje kunichukua kwa mkono wako." Wakahamia Tanzania, Kahama, mume akafungua gereji. Zaidi ya miaka ishirini ikapita. Wote wawili ni watu wa neno. Mama hakwenda. Dada hakurudi.

Kisha macho ya mama yakaanza kufifia. Daktari alituambia wazi kwamba mwanga unaondoka na haurudi. Mama hakulia. Aliniambia tu, "Nilitaka nione kama amefanana na mimi alipozeeka." Hapo ndipo nilipoelewa faida ya zile wiki. Nyumba ya kubadilishana si ya mtu. Si Burundi, si kwa mume wa dada. Mama akiingia, hajavunja kiapo. Dada akiingia, hajavunja kiapo. Nikaenda kwa yule binti, nikaiweka wiki yetu ya ziwani, nikaomba nyumba Mwanza.

Karatasi ikaja. Yule binti akanipigia simu. "Mama, umeiona wiki?"

"Nimeiona."

"Angalia vizuri, mama. Si ile ya kwenu. Tumepata wiki tofauti, ni ya mwezi wa..."

Nikamkata. "Binti yangu, mi nimesoma karatasi kabla we hujazaliwa."

"Ndiyo, mama," akasema.

Mwezi wa sita alinitumia ujumbe: safari njema, mama. Nikacheka, nikamwonyesha mzee wangu. Nikasema, vijana wa leo wana haraka, safari ni mwezi wa nane, yeye ananiaga sasa. Wiki ile nilikuwa nyumbani Mutanga Nord nashona pazia. Kumbukeni hilo pazia. Mpaka leo likipeperuka mwili wangu unasisimka, kwa sababu siku zile saba nilizokuwa nashona, nyumba yetu ya Mwanza ilikuwa imefunguliwa madirisha, vitanda vimetandikwa, watu wanatusubiri.

Mwezi wa nane tukasafiri, mimi, mzee wangu na mama. Tukapita mpaka wa Kobero, tukalala njiani, tukaendelea. Basi lilipoingia Kahama mama aliuliza tumefika wapi. Nikamwambia. Akageuza uso dirishani, akatazama mji wote ule unapita, maduka na gereji na watu, na najua alikuwa haoni ila rangi. Dada yeye alikuwa aje na basi la baadaye, tukutane huko huko kwenye nyumba.

Tulifika mchana. Mama akakaa kwenye benchi barazani. Mapokezi palikuwa na mwanamke mtu mzima, mpole, akatukaribisha vizuri. Akafungua kitabu chake. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Mama, nyumba namba tisa ina watu tangu jana."

"Basi kuna makosa," nikasema. "Karatasi ninayo."

Nikampa. Akaisoma, akaniangalia kwa huruma. "Kumbe ni nyie. Tuliwasubiri sana mwezi wa sita. Tulidhani mmepata msiba." Akaweka kidole juu ya karatasi, akaigeuza nione. "Hapa, mama. Wiki ya ishirini na tatu."

Nikatazama. Mbili, halafu tatu. Ishirini na tatu.

Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Karatasi ile nilikuwa nimeisoma labda mara kumi. Niliiweka kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Na kila nilipoitoa nilikuwa naona tatu halafu mbili, wiki yetu, ile niliyoizoea. Jicho langu lilikuwa linanisomea nilichotaka. Nilitazama zile tarakimu mbili nikingoja zigeuke. Hazikugeuka. Nikakumbuka simu. Nikakumbuka "si ile ya kwenu, mama." Nikakumbuka pazia.

Na wiki yetu ya ziwani hatukuwa nayo tena. Siku ile ile, watu tusiowajua walikuwa wamekaa kwenye baraza yetu barabara ya Rumonge, kwa haki yao kabisa.

Mzee wangu akasogea. "Kuna nini?"

Mnaona, hapo nilikuwa na sekunde moja ya kuwa mtu mkweli. Moja tu. Nikaikunja karatasi mara nne. Nikasema, "Yule binti ametuibia."

Mwanamke wa mapokezi alisikia. Alinitazama, halafu akainamisha macho kwenye kitabu chake. Nadhani aliona aibu kwa niaba yangu.

Mzee wangu akachukua bajaji kwenda kutafuta nyumba ya wageni mjini. Akiwa huko, dada yangu akafika. Nilimwona getini, amevaa kitenge cha njano, amebeba kikapu cha chakula alichopika. Nilimtambua kwa mwendo. Nikamkimbilia kabla hajaingia. Nikamwambia nyumba hakuna, tumeibiwa na wakala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole, kwa Kiswahili cha huko alichokizoea:

"Usinidanganye, mdogo wangu. Ni mama. Amefika hapa, ameiona nyumba, roho yake imekataa kulala na mimi. Sasa mnatafuta mtu wa kumsingizia."

"Apana, dada. Si mama."

"Basi nionyeshe hiyo karatasi."

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Ningeifunua, angeona. Angejua mama hakukataa, angejua mdogo wake ni mjinga aliyesoma tarakimu kinyume, na labda angecheka. Hatua thelathini nyuma yangu mama alikuwa amekaa kwenye benchi, ameinua shingo. Nikasema, "Karatasi amebaki nayo mzee."

Dada akaweka kikapu chini. Akatazama kule barazani kwa muda. Halafu akageuka, akarudi barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita. Kikapu alikiacha.

Niliporudi, mama akaniuliza, "Yule wa njano alikuwa nani?"

Nikasema, "Mtu wa hapa hapa, mama. Anauza chakula."

"Na dada yako?"

"Hajaja. Amesikia nyumba hakuna, hakuja."

Na tukala kile chakula, ndugu zangu. Mama alisema muuzaji yule anajua kupika.

Tuliporudi Bujumbura, kwenye mkutano uliofuata, nilisimama. Ni mahali hapa hapa. Nikasema kwamba mwenzetu mmoja ametutapeli, ametutuma Mwanza kwenye nyumba ambayo haipo, na kwamba mama yangu amekosa kumwona mwanawe kwa sababu yake. Yule binti alikuwa amekaa upande ule wa dirisha. Alisimama na simu mkononi. Akasema, "Mama, nakala iko hapa, wacha watu waione." Nikamwambia akae. Na mmoja wenu, simtaji, akasema kwa sauti, "Mama huyu hawezi kusoma vibaya." Simu ile ilibaki hewani. Hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea.

Hakurudi tena kwenye chama. Wateja wakamwacha mmoja mmoja. Baada ya miezi michache ofisi yake ilikuwa saluni ya mtu mwingine, na yeye alikuwa amehama na watoto wake, amekwenda Carama kwa wazazi wake. Nilisikia habari hizo zote. Nilipokuwa nikizisikia, nilikuwa nikitikisa kichwa kama mtu anayesema, Mungu si Athumani. Uongo wangu ulikuwa umekua, umenona, unatembea wenyewe mjini, na mi nikawa naupisha njia kama kila mtu.

Kilichonivunja si aibu. Aibu nilikuwa nimeshajifunza kuishi nayo. Kilichonivunja ni sala.

Mama anakaa kwangu. Kila jioni, tukimaliza kula, husali. Anasali kwa Kirundi, mi nawaambia kwa Kiswahili. Anawaombea wajukuu, anawaombea wagonjwa, anamwombea dada. Baada ya safari ile akaongeza ombi moja. Alisema, "Na yule aliyeninyima kumwona mwanangu, Mungu, unamjua. Umlipe alichonifanyia." Halafu anatulia, anangoja. Na mzee wangu anasema amina, na mi nasema amina.

Jioni baada ya jioni. Mi mwenyewe nikisema amina juu ya kichwa changu. Mwanzoni niliisema haraka, kama mtu anayemeza kidonge. Kisha nikaanza kwenda jikoni ombi lile likikaribia. Mama akawa ananingoja nirudi ndipo amalizie. Jioni moja alingoja, nikarudi, akasema maneno yale, akatulia. Mzee wangu akasema amina. Mi nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nikajaribu tena. Ndugu zangu, amina ni neno dogo, hata mtoto analisema. Lilikataa kabisa kutoka.

Mama akageuza uso kunifuata kwa sikio. Kufikia wakati ule alikuwa anaona mwanga wa dirisha tu. "Mbona huitikii?"

Nikapiga magoti pale nilipokuwa. Nikasema, "Mama, huyo unayemwombea ni mimi."

Nikamwambia yote. Wiki, simu, karatasi niliyoikunja. Mzee wangu alisimama, akatoka nje, nikamsikia anatembea uani. Nilipofika kwenye kitenge cha njano sikuruka. Nikasema, yule muuza chakula alikuwa dada. Chakula kile alikipika kwa ajili yako.

Nilitegemea kofi. Nilitegemea laana. Mama aliweka mikono yake juu ya rozari. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea, na likaniuma kuliko laana.

"Kwa hiyo nilimwona."

"Ndiyo, mama. Ulimwona."

"Njano," akasema. "Alikuwa mnene kidogo, sivyo? Nilimwona akisimama." Na akaanza kulia, kwa utulivu, kama mtu aliyerudishiwa kitu. Baadaye akajifuta uso. "Kesho utanipeleka kwa yule binti. Nimemsemea maneno mabaya kwa Mungu, na hakuwa na kosa. Lazima nimwambie mimi mwenyewe."

Tukaenda Carama, kule nyumba zinapoishia na mashamba yanapoanza. Tulimkuta anachambua maharage. Alipoona ni mimi, alisimama, akaingiza watoto ndani. Alipoona nimemshika mama mkono, alitoa kiti. Akamkalisha mama vizuri, akamletea maji. Mimi alinipa mgongo.

Mama akasema, "Mwanangu, jioni zote hizi nimekuombea mabaya. Nimekuja kuyaondoa."

Yule binti akapiga magoti mbele yake. "Mukecuru," akasema, na hilo kwetu ni neno la heshima kwa mama mzee, "we ulikuwa hujui. Hayo yameisha. Usiyabebe tena." Akambusu mikono.

Halafu akanigeukia. Nikasema niliyokuja nayo: nimekosa, nisamehe, nitakutafutia njia. Alinisikiliza bila kukunja uso. Akasema, "Mama, unajua kitu kimoja? Mi niliwaonyesha watu ile nakala. Baada ya ule mukutano niliwafuata nyumbani kwao. Waliiona kwa macho yao, ishirini na tatu. Wakaniambia labda nimeibadilisha. Jina lako lilikuwa zito kuliko karatasi."

Nikaokota harage moja lililoanguka.

"Ulinisema umesimama," akaendelea. "Huwezi kuniomba samahani umejificha huku kwenye maharage. Nenda pale pale. Simama. Sema."

Basi nikaja. Wengine mlikuwepo. Nilisimama, nikasema maneno kama kumi hivi, nikaishiwa. Watu wawili walitoka nje. Mwenyekiti akaniambia nikae, na kabla mkutano haujaisha kalamu ya ukatibu ilikuwa kwa mtu mwingine. Ilikuwa haki. Siku ile nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu Mwanza nilisikia njaa.

Nikampigia simu dada. Nikamsomea ile karatasi, kila mstari. Alikata simu bila kujibu. Wiki tatu sikusikia kitu. Siku moja akatuma ujumbe mfupi: Macho ya mama yakoje? Nikajibu ukweli, kwamba ni mwanga tu umebaki. Akakaa tena siku mbili. Halafu akauliza: Mwaka huu ni wiki gani?

Nilikwenda na swali lile Carama. Yule binti akasema, "Nitafanya kwa ajili ya mukecuru, si kwa ajili yako." Alikuwa bado anajua njia zote. Aliiweka wiki yetu ya mwaka ule, akaandikiana na kampuni, akapata nyumba pale pale Mwanza. Karatasi ilipofika aliniita, akaniweka kwenye kiti, akaniambia nisome kwa sauti. Nilisoma. Akaniambia nirudie nikiweka kidole. Nikarudia, mi mwanamke wa retreti, kidole chini ya kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza. Watoto wake walikuwa wanachungulia mlangoni wanacheka. Sikuona vibaya.

Tulifika siku yenyewe. Mwanamke wa mapokezi alikuwa yule yule. Alinipa ufunguo bila kusema lolote la zamani, Mungu ambariki. Dada alikuja saa kumi. Safari hii sikumkimbilia. Nilimwongoza mama mpaka mlangoni nikamwachia.

Walisimama hivyo, mama ndani, dada nje. Mama akanyoosha mikono, akampapasa mabega, shingo, mashavu. Alipapasa muda mrefu. Tulingoja aseme jambo kubwa.

"Umenenepa," akasema.

"Na wewe umekonda," dada akajibu.

Basi. Miaka yote ile, ndivyo ilivyoisha. Wakaingia wakaketi kitanda kimoja, na kwa siku saba sikuona wakiachana mikono ila kwa kula na kunawa. Dada aliongea na mimi siku ya tatu. Aliniomba chumvi. Nilikwenda nje kulia.

Siku ya nane nyumba ilikuwa ya wengine, tukarudisha ufunguo. Tukapanda basi moja na dada mpaka Kahama. Alipokuwa anashuka akasema, "Mama, basi la kwenu ni kesho. Utalala mjini peke yako na hawa?"

Mama akafikiri. "Niliapa sitaingia ndani ya nyumba ya mume wako," akasema. "Sikuapa juu ya ua."

Tukaenda. Shemeji yangu, yule fundi wa Buyenzi, sasa ni mzee mwenye ndevu nyeupe. Alipoona mama mkwe wake amesimama getini, alikwenda ndani, akatoka na mkeka na mito, akatandika chini ya ukuta penye kivuli. Kisha akaleta jagi na beseni, akachuchumaa, akamnawisha mikono kwa mikono yake mwenyewe. Mama alimuuliza, "Wewe ndiye?" Akasema, "Ndiye mimi, mama." Mama akasema, "Maji yako ni ya moto kidogo." Akaenda kuongeza ya baridi. Tulikula pale uani, na tulilala kwa jirani yao, na kiapo hakikuvunjika.

Ndugu zangu, nashukuru. Namshukuru mzee wangu, ambaye alitembea uani jioni nzima ile halafu akarudi ndani. Nawashukuru ninyi mlioninyang'anya kalamu na mkaniachia kiti. Namshukuru mama yangu, yuko nyumbani, anawasalimu. Ombi lile ameliacha. Sasa anamwombea yule binti kwa jina lake, na amina yangu inatoka.

Ninachowaachia ni hiki. Kusoma vibaya si dhambi, macho ni ya binadamu. Lakini kosa lako ukilikataa halipotei, linakwenda kulala kwenye nyumba ya mtu mwingine, linamla yeye badala yako. Ukiliona, liseme hapo hapo, lingali dogo.

Na nina ombi. Yule binti amefungua tena ofisi, chumba kimoja, karibu na pale pa zamani. Wateja wengine wamerudi, wengine bado. Hapa chamani hajarudi, na ameniambia hajui kama atarudi. Simlaumu. Lakini wengi wenu mnakutana naye sokoni na barabarani, na najua kuna wanaovuka upande wa pili wakimwona, kwa aibu, kwa sababu siku ile simu yake ilikuwa hewani na hatukuipokea. Msivuke. Msingoje yeye aanze. Mkimwona, msalimieni ninyi kwanza.